Nafasi ya Kurudi Nyuma: Shajara ya Kijijini Moa, Tanga, Machi–Juni 2024

Jumatatu, 11 Machi 2024

Bamvua la mwezi mchanga. Mwezi ukionekana usiku huu, kesho ni Ramadhani, kwa hiyo wenzangu wa kikundi cha mwani wametaka tuvune leo, swaumu isije ikatukuta na kamba majini.

Hakuna cha kuvuna. Mwani wote wa kotonii tuliopanda Januari umeoza. Nimeshika shina moja nikalitazama vizuri. Juu lina rangi ya kahawia, li hai, linateleza. Katikati kipande cha urefu wa kidole kimekuwa cheupe pe, laini, hakina nguvu. Chini tena kahawia. Ukilitikisa linakatika penye weupe, na sehemu yote ya juu inakwenda na maji. Tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, zimebaki zimefungwa kwenye kamba, hazina kitu. Wataalamu wanauita ugonjwa huu aisi-aisi. Sisi twasema mwani umeoza, basi.

Saa tano maji yalikuwa yamebaki magotini, nayo yalikuwa moto kama maji ya kumkanda mzazi. Shoga yangu mmoja alitoka, akakaa juu ya mchanga, akasema hata kama angekuwa na cha kuvuna asingekaa mle ndani.

Spinosamu, aina ya pili ya mwani, imesalia. Ndiyo hesabu yote ya zao hili: kotonii ina bei karibu mara mbili lakini haivumilii, spinosamu inavumilia lakini bei yake haijazi kibaba. Katika daftari la kikundi nimeandika, kama katibu anavyotakiwa: “Mavuno ya kotonii: hakuna.” Humu naandika yaliyobaki.

Jumapili, 17 Machi

Kutwa nimekaa barazani na simu, kinywa kikavu, nikisoma. Ualimu wa jiografia haustaafu.

Mwani wa biashara ulianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, ukavuka kuja huku bara miaka ya 1990. Mbegu zilitoka Ufilipino. Kilimo chenyewe ni kile kile tulichofundishwa tangu mwanzo: vigingi viwili, kamba katikati, vichipukizi vinafungwa kwa tai-tai, unasubiri wiki sita hivi. Faida yake kubwa kwetu wanawake ilikuwa hii: huhitaji chombo, huhitaji kujua kuogelea. Maji yakitoka unashuka na miguu yako, yakirudi unapanda nyumbani kupika.

Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Unguja, amefuatilia kwa miaka mingi kufa kwa kotonii. Maelezo yake yanaeleweka hata kwa asiyesoma. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, joto linaudhoofisha mwani, na uliodhoofika hushikwa na ugonjwa na kuotewa na mimea mingine. Dawa anayoipendekeza ni kuupeleka mbele kwenye maji ya kina, ambako joto halipandi na kushuka ovyo, na kutumia neti ndefu zenye umbo la bomba badala ya kamba tupu, ili mawimbi yasiukate.

Nimesoma nikacheka peke yangu. Kitu kilichotufanya tuweze kulima mwani ni kina kifupi, na kitu kinachoua mwani ni kina kifupi hicho hicho.

Jumatano, 27 Machi

Bamvua la mbalamwezi. Jioni nimekwenda na mjomba nyuma ya mikoko kutazama kipande cha ardhi ambamo mtu mmoja ameomba kwa kijiji afungue mashamba ya chumvi. Nilitaka kukiona maji yakiwa yamejaa kabisa, maana mchana kikiwa kikavu kila mtu hudhani ni ardhi isiyo na kazi.

Tulipita kwa mpangilio ambao mjomba anaujua kwa miguu. Mbele kabisa, unaopigwa na mawimbi, ni mlilana. Kisha mikoko yenyewe na mizizi yake ya matao, ambamo kaa wanachimba. Nyuma yake mkandaa, mfupi na mnyoofu, mti wa fito na vigingi. Mwisho mchu, halafu jangwa: uwanda mweupe wa chumvi usioota kitu, ambao bahari huufikia kwenye bamvua kubwa tu. Baada ya jangwa ndipo nyasi, na baada ya nyasi ndipo minazi.

Saa kumi na nusu maji yalipita jangwa lote. Yakaingia kwenye nyasi. Mjomba hakusema kitu, alinionyesha kwa fimbo. Kati ya nyasi, hatua chache tu kutoka kwenye minazi, mlikuwa na vichipukizi vya mchu, vidogo, majani mawili mawili. Vingine bado vilikuwa na ganda la mbegu limening'inia.

“Mwanangu, mti hautembei,” akasema. “Watoto wake ndio wanaotembea. Tazama walipofika.”

Nikamuuliza kama zamani walikuwa wakifika hapo. Akasema alipokuwa kijana akikata boriti, hapo palikuwa pa kuchezea mpira.

Kwa hiyo msitu unahama wenyewe. Bahari inapanda, miti ya mbele inazama na kufa, mbegu za nyuma zinapanda nchi kavu. Hauhitaji semina wala mradi. Unahitaji kitu kimoja tu, nacho ni kwamba nyuma pawe wazi. Na hapo hapo ndipo mtu anapotaka kujenga tuta la udongo la shamba la chumvi.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Wamekuja ndugu wa Vanga, upande wa Kenya, na watoto wao, na maneno yao. Mpaka huu Waingereza na Wajerumani waliuchora katikati ya ukoo. Hapo Jasini walipigana Januari 1915, na sisi hadi leo twapeana mikono ya Idi juu yake.

Baada ya biriani, mazungumzo yalikuwa ya mikoko. Kwao kuna mradi unaoitwa Vanga Blue Forest, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, zaidi ya hekta 400. Umefuata nyayo za Mikoko Pamoja wa Gazi, ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013 kwa mikoko ya hekta 117 tu. Mkoko hufukia kaboni kwenye tope ambako haiozi upesi, ndiyo maana hekta yake moja inashinda hekta ya msitu wa kawaida mara kadhaa. Kampuni na watu wa Ulaya wananunua vyeti, fedha zinakuja kwenye kamati ya kijiji, wanachagua wenyewe: maji, shule, zahanati.

Mke wa binamu yangu akaniuliza, “Na nyinyi je? Mikoko yenu si hii hii?”

Ni hii hii. Tope ni moja, kaa ni hao hao. Kanuni za biashara ya kaboni Tanzania tunazo tangu 2022, na kuna Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Lakini mikoko yetu ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kijiji hakiwezi kuuza wala kusimamia chochote bila mkataba wa usimamizi wa pamoja, ambao Sheria ya Misitu ya 2002 inauruhusu. Hata kwao mikoko ni ya serikali. Tofauti ni kwamba wao walikaa na idara yao ya misitu wakatia saini, ndipo wakaanza kuhesabu miti.

Nikamjibu: “Sisi bado tuko kwenye kikao.” Wakacheka sana.

Jumanne, 16 Aprili

Redio asubuhi: jana shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, limetangaza kuwa matumbawe ya dunia yako kwenye upaukaji mkubwa wa nne. Wa kwanza ulikuwa 1998. Mwaka huo matumbawe mengi ya pwani hii yaligeuka meupe, wavuvi wakadhani mtu amemwaga dawa.

Tumbawe lina viumbe wadogo wa jamii ya mwani ndani yake, ndio wanaolilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi joto kwa majuma, linawatapika. Likikaa bila wao muda mrefu linakufa. Kotonii yangu na tumbawe la mwamba wanaugua homa moja.

Lakini lipo jambo ambalo wengi hapa hawalijui. Mwaka 2020 Tim McClanahan, mtafiti wa matumbawe aliyeishi Mombasa kwa miongo, alionyesha kuwa miamba ya kuanzia Shimoni kushuka hadi Dar es Salaam, kama kilomita 400, imestahimili joto kuliko sehemu nyingi za Bahari ya Hindi. Sababu ni Mkondo wa Pemba, ule mlango mrefu wa kilindi ulio mbele yetu, unaoleta maji ya baridi kutoka chini. Samaki na matumbawe yatakayoponea joto huenda yakaponea hapa kwetu, kisha yakapeleka mbegu kwingine.

Kimbilio halijilindi lenyewe. Miaka ya nyuma hapa baruti ya kuvulia samaki ilikuwa inapigwa mchana kweupe, na baruti moja inabomoa mwamba ambao joto la miaka kumi halikuuweza. Programu ya hifadhi ya pwani ya Tanga, iliyofanya kazi 1994 hadi 2007 pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN na serikali ya Ireland, ndiyo iliyotugawia maeneo ya usimamizi shirikishi, letu likiwa Boma–Mahandakini. Wafadhili walipoondoka, doria ikabaki ni ya nia njema na mafuta ya kuchangishana. Ilichukua miaka mingine mingi kabla milipuko haijapungua.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Jana Waziri Mkuu Majaliwa ameliambia Bunge kuwa mafuriko ya msimu huu yameshaua watu 155 nchini. El Niño juu ya masika.

Kwetu hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Maji ya mto Umba, unaotoka milima ya Usambara na kumwagika upande wa Vanga, yameipaka bahari rangi ya chai ya maziwa hadi mbali. Maji matamu yakikaa juu ya mwani siku mbili tatu, nao umekwisha. Hata spinosamu imeanza kukatika. Machi ulikufa kwa joto, Aprili unakufa kwa mvua.

Mihogo nayo inaoza. Lakini wenye mabwawa ya mwatiko wamefurika, na samaki wao wametoroka kwenda mikokoni. Watoto wanawavua kwa mikono, wanashangilia. Kila msiba una mwenye kusherehekea.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Tangu Jumatano Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) imekuwa ikitoa taarifa, na kwa mara ya kwanza nimeona wavuvi wa hapa wakitega sikio kwa TMA kuliko kwa nyota. Boti za Unguja zimesimamishwa. Ngalawa zote zimevutwa juu hadi chini ya minazi. Kwetu umekuwa upepo na mawingu tu. Nguvu zake zimeelekea Mafia na kusini, na usiku huu wanasema kimekwisha.

Watu wanasema vimbunga havikuwapo zamani. Vilikuwapo. Kile cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, na cha 1952 kiliipiga Lindi. Jobo wa Aprili 2021 alitujia akafia baharini. Vilikuwa vya nadra hata mtu akaishi na kufa bila kukiona. Kinachonisumbua ni kuwa bahari iliyo moto zaidi ndiyo chakula cha kimbunga.

Mjomba ana maelezo mafupi: ngalawa zilizofungwa kwenye kijito ndani ya mikoko hazikuyumba, zilizovutwa mchangani zimegongana. Nimekwenda kuona, ni kweli.

Alhamisi, 9 Mei

Mkutano wa kikundi. Ajenda moja: kwenda kilindini.

Kila mtu amekubali kuwa ndiko kwenye kotonii. Kisha yakaanza maswali. Nani ana chombo? Hakuna. Nani anajua kuogelea? Mikono miwili mitatu, na mmoja alikuwa anatania. Waume wanasemaje? Kimya. Hatimaye mmoja akasema wazi: “Mwalimu, kule kwenye kina ni kazini kwa wanaume. Tukipeleka mwani kule, mwaka wa kwanza watatubeba kwa ngalawa zao, mwaka wa pili mwani utakuwa wao.”

Sina jibu. Nimewahi kuona zao likibadilisha mikono kwa njia hiyo hiyo.

Tukauliza mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, imesimamishwa tangu Aprili mwaka jana ili utaratibu urekebishwe. Wanasema itarudi Julai. Mwani haujasimamishwa kuoza.

Tumeazimia haya: kuomba mashua moja iandikwe kwa jina la kikundi, si la mtu; wanawake watano wa kwanza wafundishwe kuogelea na mabinti zetu waliosoma Tanga mjini; na vigingi vipya viwe vya mvinje, si vya mikoko tena. Hilo la mwisho lilipita kwa ubishi, maana mkandaa ni bure na mvinje unanunuliwa.

Jumatatu, 20 Mei

Tanga mjini, kufuatilia pensheni. Ofisini wameniambia nirudi.

Kwenye basi, wakati wa kurudi, vijana wawili wanazungumzia ajira Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda. Kilomita 1,443, jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Meli kubwa zitapakia hapo, kwenye maji yale yale ambayo McClanahan anayaita kimbilio. Vijana wanataka kazi na wana haki ya kuitaka. Nimewasikiliza tu. Mafuta yakishachomwa huko yaendako, joto lake litarudi kwenye mwani wa mama zao, na hakuna kilomita hata moja ya bomba inayobeba hesabu hiyo.

Abiria mmoja wa Pangani akanikumbusha kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa na msitu wa mivinje na kasa wengi wa kutaga. Miti ikakatwa, mawimbi yakaula udongo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kikabaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado wanarudi kutaga pale pale, maana ndipo wanapopajua. Watu wa Ushongo na shirika la Sea Sense huyachimbua mayai na kuyafukia upya ufukweni bara, la sivyo yanazama yote. Kasa hajui kuwa kisiwa kimekwenda. Anasubiri binadamu ambebee mayai.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeandika karatasi ya kusoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nainakili hapa kwa ufupi.

Moja. Bahari ya dunia ilikuwa inapanda kwa karibu milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018, na mwendo unaongezeka. Mizizi ya mikoko hunasa tope na kuinua ardhi yake yenyewe. Utafiti uliochapishwa 2020 umeonyesha kuwa bahari ikipita milimita 6 hivi kwa mwaka, tope haliwahi tena, na msitu hauna njia isipokuwa kurudi nyuma.

Mbili. Nyuma yake ni kipande kilichoombwa. Tuta la chumvi likijengwa pale, mikoko itabanwa kati ya bahari na tuta, itakufa hapo ilipo, na kaa, kamba na mazalia ya samaki pamoja nayo. Baada ya hapo bahari itafika kwenye tuta, kisha kwenye visima vyetu.

Tatu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Mwombaji anasema yuko nje ya mita hizo. Mita zinapimwa kutoka wapi? Kutoka maji yanapoishia siku ya kawaida, au kutoka pale yalipofika jioni ya bamvua la Machi? Na bahari ya mwaka 2050 itapimwa na nani?

Nne. Chumvi ni kazi ya halali, na kwa sheria zetu ni madini yenye leseni. Watu wa Moa wameila kwa miaka mingi. Hatukatai chumvi, tunakataa mahali.

Mjomba amesikiliza yote akiwa amefumba macho. Akasema ya nne niiweke ya kwanza, maana watu hawasikilizi anayeanza na bahari.

Nimeihamisha.

Jumamosi, 15 Juni

Mkutano umefanyika chini ya mwembe, akidi imetimia.

Mwombaji amezungumza vizuri. Ajira kwa vijana ishirini, ushuru kwa kijiji, darasa moja atalimalizia. Si mtu mbaya, na ahadi zake si ndogo kwa kijiji chenye madawati pungufu. Nami nimesoma yangu. Kisha mzee mmoja wa upande wa mabwawa akauliza swali ambalo sikulitarajia: “Kama msitu unahitaji nafasi ya kurudi nyuma, na mashamba yetu ya minazi nayo yako nyuma, si siku moja mtatuambia na sisi tuhame?”

Nikasema ndiyo, siku moja, baadhi. Nikasikia minong'ono. Lakini nikaongeza kuwa mnazi ukipandwa leo utazaa na kuzeeka kabla bahari haijaufikia, na mwenye shamba atakuwa na muda wa kuamua. Tuta la udongo likishajengwa, uamuzi umekwisha kufanywa kwa niaba ya wote.

Mkutano umeamua hivi: ombi halikukubaliwa kwa eneo lile, mwombaji aonyeshwe sehemu nyingine, mbali na mikoko, na kamati ya ardhi iandae ukanda wa wazi nyuma ya mikoko uingizwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, kisha TFS waitwe kuzungumzia mkataba wa pamoja. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi kuliko isiyonyooshwa, lakini si kwa tofauti kubwa.

Mashua ya kikundi bado haijapatikana. Mikoko imepewa nafasi ya kurudi nyuma kwa sababu kuna mkutano ulioweza kusema hapana. Wanawake wa mwani hawajapewa nafasi ya kwenda mbele, kwa sababu bado hakuna ofisi iliyosema ndiyo. Julai mikopo ikifunguliwa, barua ya kikundi iwe ya kwanza mezani: imeshaandikwa, imeshapigwa muhuri.